KUFUNGUA MLANGO WA JELA SI KUMALIZA KAZI



Iko kazi ambayo wengi wetu hatuioni mpaka siku inapoharibika. Ni kazi ya maafisa wa probesheni, wale wanaowaangalia watu waliohukumiwa na korti lakini wanaokaa nje ya jela. Mwezi huu twataka kusema juu ya kazi hiyo. Serikali nyingi, zikiona jela zimejaa, huwafungua wafungwa kabla ya siku zao kwisha. Magazeti huandika hesabu ya waliofunguliwa. Lakini swali moja husahauliwa: baada ya mlango kufunguliwa, ni nani atafanya kazi iliyobaki?

Kufunguliwa mapema kwa masharti huitwa paroli. Mtu hajamaliza kifungo chake, lakini ameruhusiwa kukaa nyumbani, maadamu ataripoti kwa afisa siku aliyopangiwa, atakaa mahali panapojulikana, na hatatenda kosa jingine. Akivunja masharti aweza kurudishwa jela. Probesheni ni jambo jingine. Hiyo hutolewa na korti badala ya kifungo, na mtu haingii jela kabisa. Haya ni mambo mawili, lakini mara nyingi anayeyashika ni afisa mmoja, kwenye meza moja, kwa mshahara mmoja.

Sisi hatupingi paroli. Mtu aliyejirekebisha hana faida kwa mtu yeyote akikaa bure ndani ya kuta, na watoto wake wakilala njaa. Tunalosema ni hili: paroli haiondoi mzigo, yauhamisha. Mzigo hutoka begani mwa askari jela ukawekwa begani mwa afisa wa probesheni. Mabwana wanaoamuru uhamishwe hawaubebi wao. Wazee walisema kweli kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

KAZI YA MTU MMOJA

Kabla ya kutaja nchi yoyote, tuangalie kwanza kazi yenyewe. Kuna watu wanaodhani kumwangalia mfungwa aliyefunguliwa ni kupiga alama kwenye kitabu: amekuja, hakuja. Sivyo.

Kabla mfungwa hajatoka, afisa aandike ripoti. Aende aone nyumba atakayokaa. Aulize kama mke, mama au jirani wanamtaka, au kama ndiko anakokaa yule aliyeumizwa naye. Siku ya kwanza ampokee na kumsomea masharti mpaka ayafahamu. Baada ya hapo amtafutie mahali pa kulala ikiwa hana, aandike barua kwa daktari ikiwa ni mlevi au mgonjwa wa akili, na azungumze na polisi ikiwa kuna hatari. Asipokuja, amtafute. Akimpata, aamue kama kuna udhuru au kuna uvunjaji wa masharti. Akiamua arudishwe jela, aandike ripoti nyingine ndefu, na mtu yule akifunguliwa tena, kazi yote yaanza upya.

Mtu wa paroli ni mzito kuliko mtu wa probesheni ya kawaida. Ametoka jela bila kazi, pengine bila nyumba, na majuma ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa kabisa. Kwa hivyo wafungwa kumi wakiongezwa katika daftari la afisa, hawakuongezwa watu kumi tu.

Tufanye hesabu ya shule. Afisa ana saa 37 za kazi kwa juma. Nusu yake, tuseme saa 18, ndizo za kukaa na watu. Zinazobaki ni za korti, ripoti, mikutano na safari. Akiwa na watu 36, kila mmoja apata nusu saa kwa juma. Wakiongezwa 12 wa paroli, kila mmoja apata dakika 22 na nusu. Na hawa 12 ndio waliokuja na ripoti nyingi zaidi, kwa hivyo zile saa 18 nazo zapungua. Hakuna mtu aliyetangaza kwamba muda wa kila mtu umekatwa. Umekatwa wenyewe, kimya kimya.

HABARI YA UINGEREZA

Tumechagua habari ya Uingereza na Wales kwa sababu mbili. Kwanza, huko ndiko ilikotoka sheria yetu ya probesheni. Pili, mambo yote yaliyotokea huko yameandikwa na wakaguzi wa Serikali yao wenyewe, kwa hivyo hakuna anayeweza kusema ni maneno ya vyama vya wafanya kazi tu.

Probesheni ya Uingereza ilianza kwa sheria ya mwaka 1907. Kazi ya afisa ilitajwa kwa maneno matatu: kumshauri mtu, kumsaidia, na kumfanya rafiki. Ilikuwa kazi ya korti na watu waliopewa nafasi badala ya jela. Katika miaka ya 1960 maafisa hao wakaongezewa kazi ya ustawi ndani ya jela na kazi ya kuwasaidia wanaotoka. Kisha sheria ya 1967 ikaleta paroli, na wafungwa wa kwanza wakafunguliwa kwa njia hiyo mwaka 1968. Walioambiwa wawaangalie ni maafisa wale wale.

Tangu hapo kila sheria imeongeza kidogo. Sheria ya 1991 ilisema wafungwa wote wa mwaka mmoja au zaidi waangaliwe wakitoka, si wale waliochaguliwa tu. Sheria ya 2003 ikasema waangaliwe mpaka siku ya mwisho ya kifungo chao. Mwanachama aliyewahi kufanya kazi ya kiwandani aijua namna hii. Mashine yaongezwa mwendo kidogo, na baada ya miezi yaongezwa tena, na kila mara wakubwa husema ni kidogo tu.

Halafu likaja ongezeko ambalo halikuwa kidogo. Sheria ya 2014, iliyoanza kazi tarehe 1 Februari 2015, ilisema hata mtu aliyefungwa siku mbili tu ataangaliwa kwa muda wa mwaka mmoja baada ya hukumu hiyo kuanza kutumika nje. Hao wa vifungo vifupi walikuwa wakitoka bila mwangalizi. Serikali ilihesabu kuwa ni watu 45,000 hivi kwa mwaka. Nia ilikuwa njema, kwani hao ndio waliokuwa wakirudia makosa sana: wezi wadogo, walevi, watu wasio na makao. Lakini watu hao ndio wagumu kuliko wote kuwaangalia. Mtu asiye na nyumba hana anwani ya kupelekewa barua, na mlevi hakumbuki siku ya kuripoti.

KAMPUNI ZAINGIA

Fedha za kuwaangalia watu hao 45,000 zilitoka wapi? Waziri wa wakati ule, Bwana Chris Grayling, alisema zitapatikana kwa kuipa sehemu ya kazi kampuni za watu binafsi. Mwezi wa Juni 2014 mashirika 35 ya probesheni yalivunjwa. Watu wenye hatari kubwa wakabaki kwa Serikali, na wenye hatari ndogo na ya kadiri wakapelekwa kwa kampuni katika sehemu 21 za nchi. Maafisa waliokuwa wakifanya kazi ofisi moja wakagawanywa, huyu wa Serikali, huyu wa kampuni. Chama cha maafisa kinachoitwa Napo, kilichoanzishwa mwaka 1912, kilipinga. Wanachama wake waligoma mwezi wa Novemba 2013, na tena mwisho wa Machi 2014. Hawakusikilizwa.

Yaliyofuata yote yameandikwa. Kampuni zilipata kesi chache kuliko zilivyotazamia, na kwa hivyo fedha chache, zikapunguza watu wa kazi. Mwezi wa Desemba 2017 Mkaguzi Mkuu wa Probesheni, Bibi Glenys Stacey, alieleza kwamba mahali pengine watu walikuwa wakiangaliwa kwa simu mara moja kila majuma sita, na kwamba kuna afisa mdogo aliyekuwa na kesi zaidi ya 200. Hebu, ndugu, chukua ile hesabu yetu ya saa 18 uigawe kwa watu 200. Kila mmoja apata dakika tano na nukta kidogo kwa juma. Kwa dakika tano utamshauri mtu jambo gani?

Mwaka 2019 Ofisi ya Ukaguzi wa Hesabu ya Serikali ilitoa ripoti yake. Ilisema Wizara italipa pauni milioni 467 zaidi ya zile zilizotakiwa na mikataba ya kwanza. Ilisema pia kwamba kati ya Januari 2015 na Septemba 2018 waliorudishwa jela kwa kuvunja masharti waliongezeka kwa 47 kwa mia. Na kati ya hao waliorudishwa, wenye vifungo vifupi walikuwa 3 kwa mia hapo mwanzo, wakafika 36 kwa mia. Mwaka huo huo Bibi Stacey akasema wazi kwamba mpango wote una kasoro isiyoweza kutengenezwa. Mwezi wa Juni 2021 mikataba ilikwisha na kazi yote ikarudi kwa Serikali.

Twawaomba wanachama waiangalie ile hesabu ya 3 na 36. Sheria iliyoletwa kuwasaidia watu wa vifungo vifupi ndiyo iliyowapa njia mpya ya kurudi jela. Si kwa sababu walitenda makosa mapya wote. Wengine walikosa kuripoti, na aliyetakiwa kuwatafuta hakuwa na nafasi ya kuwatafuta. Afisa mwenye watu wachache hupiga mlango na kuuliza kuna nini. Afisa mwenye watu wengi hujaza fomu.

MZUNGUKO

Hapo ndipo mambo yalipoingia katika mzunguko. Watu wakirudishwa jela, jela hujaa. Jela zikijaa, Serikali huwafungua wengine mapema. Wakifunguliwa wengine mapema, maafisa huongezewa kesi. Maafisa wakiongezewa kesi, watu hukosa kuangaliwa vizuri, na wengi zaidi hurudishwa jela.

Mwezi wa Septemba 2024 jela za Uingereza na Wales zilikuwa na watu zaidi ya 88,000. Nafasi zilikuwa karibu kwisha kabisa. Waziri Shabana Mahmood alikuwa ametangaza mwezi wa Julai kwamba wafungwa wengi watatoka wakiwa wametumikia 40 kwa mia ya kifungo badala ya nusu. Tarehe 10 Septemba walitoka watu 1,700 hivi kwa siku moja. Tarehe 22 Oktoba wakatoka wengine 1,100 hivi. Kila mmoja wao alikuwa na afisa aliyepaswa kumpokea.

Serikali iliahidi kuajiri wanafunzi 1,000 wa kazi ya probesheni kabla ya mwisho wa Machi 2025. Ahadi hiyo twaisifu. Lakini mafunzo ya afisa huchukua miezi 15 au 21. Mlango ulifunguliwa mwezi wa tisa, na mwanafunzi aliyeingia siku ile ile hakuwa tayari mpaka mwaka mzima upite na zaidi. Na mwanafunzi hufundishwa na nani? Na afisa yule yule mzoefu, mwenye mzigo uliozidi. Kila fundi aliyepewa mwanagenzi aijua habari hii. Mwanagenzi ni msaada wa kesho, lakini leo ni kazi.

Jambo jingine ni hili. Mwezi wa Aprili 2024, hata kabla ya kuwafungua hao, Serikali ilikuwa imeamuru kwamba watu wengi wasiangaliwe tena katika theluthi ya mwisho ya muda wao. Wengine wataona kwamba huo ni msaada kwa maafisa, na kwa kweli uliwapunguzia kazi. Lakini tazama maana yake. Sheria yasema mtu aangaliwe mpaka siku ya mwisho. Ofisi yasema acheni kabla ya hapo, hamtoshi. Basi ahadi iliyotolewa Bungeni ilivunjwa kwa waraka wa ofisini.

Mwezi wa Oktoba 2025 wakaguzi wa hesabu walirudi tena kuitazama probesheni. Waligundua kwamba idara ilikuwa imekadiria muda mfupi kuliko unaotumika kweli kumwangalia mtu mmoja, na kwamba ilikuwa ikiendesha kazi na nusu hivi ya maafisa inaowahitaji. Ndugu, hiyo nusu yatakiwa kufikiriwa. Meli yenye nusu ya mabaharia haiondoki Kilindini. Lakini ofisi yenye nusu ya maafisa hufunguliwa kila asubuhi, na watu huketi kwenye benchi kungoja.

LAWAMA YAMWANGUKIA NANI

Mwezi wa Juni 2022, mashariki mwa London, mwanamke aliyekuwa akirudi nyumbani kwa miguu usiku aliuawa na mtu aliyekuwa ametoka jela siku tisa tu kabla ya hapo. Ripoti ya Mkaguzi iliyotolewa mwezi wa Januari 2023 ilisema mtu huyo alihesabiwa kuwa na hatari ya kadiri, hali alipaswa kuhesabiwa kuwa na hatari kubwa. Alikuwa amekosa kuripoti, na hatua za kumrudisha jela zilichelewa. Ripoti hiyo hiyo ilisema maafisa walikuwa wamelemewa na kazi.

Hatuandiki haya kutafuta udhuru. Mwanamke amekufa, na jamaa zake wana haki ya kuuliza. Lakini yafaa kuuliza mpaka mwisho. Aliyeandika neno lisilo sawa kwenye faili aonekana, kwa maana jina lake liko pale chini. Aliyempa mafaili mengi kupita kiasi haonekani, kwa maana jina lake haliko. Dereva wa lori akiendesha saa kumi na nane akalala kwenye usukani, twamhukumu dereva. Je, aliyeandika ratiba? Katika vyama vyetu tumeuliza swali hili kwa madereva, kwa wauguzi, na kwa watu wa reli. Jibu letu halibadiliki kwa sababu mtu anashika kalamu badala ya usukani.

Ndiyo sababu Napo, pamoja na vyama vya UNISON na GMB, walishikilia neno moja miaka yote: kazi ipimwe. Idara yao ina chombo cha kupima mzigo wa kila afisa kwa hesabu ya mia. Mia moja ni mzigo kamili. Maafisa wengi walionekana wamepita mia, na wengine wamepita sana. Kipimo chenyewe ni kizuri. Ubaya ni kupima kisha kuacha vilevile, kama karani wa bandari anayeandika kwamba gunia limezidi uzito halafu akamtwika kuli lile lile.

NA SISI HUKU KENYA

Mwanachama mmoja atasema: hayo ni mambo ya Wazungu, yatuhusu nini? Yatuhusu. Probesheni ya Kenya ilianza kazi mwaka 1946 kwa sheria iliyotungwa wakati wa vita kwa mfano wa ile ya Uingereza. Tangu hapo, kama huko, kazi imeongezwa sheria kwa sheria.

Hatuna paroli ya namna ya Uingereza, ambapo karibu kila mfungwa atoka akiwa chini ya mwangalizi. Kwetu mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja aweza kusamehewa theluthi ya kifungo kwa tabia njema, akaenda zake. Lakini tazama afisa wa probesheni wa Kenya ana kazi gani. Huandika ripoti za korti kabla ya hukumu. Huwaangalia waliopewa probesheni. Tangu sheria ya 1998 huwasimamia wanaofanya kazi za jamii badala ya kifungo, wale tunaowaona wakifyeka nyasi penye ofisi za chifu na hospitali. Tangu Katiba ya 2010 kumpa mshtakiwa haki ya dhamana, huulizwa na korti kama mtu huyu aweza kuaminiwa nje. Huandika juu ya wafungwa wanaoomba msamaha wa Rais. Huwafuata vijana wanaotoka Borstal za Shimo la Tewa na Shikusa.

Kisha tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilihukumu kwamba si halali kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji. Watu wengi wakarudi kortini kuhukumiwa upya, na majaji wakataka ripoti za probesheni. Ilikuwa hukumu ya haki. Lakini ripoti ya mtu aliyefungwa miaka ishirini haiandikwi mezani. Afisa aende kijiji alikotoka, amtafute chifu, azungumze na jamaa zake kama wangaliko, kisha azungumze na jamaa ya aliyeuawa. Mjini hiyo ni kazi ya siku. Marsabit, Turkana au Tana River, safari peke yake ni siku, na gari la ofisi likiwa bovu ni siku mbili.

Kila moja ya sheria hizi ni njema. Sisi twauliza jambo moja tu: kila ilipopitishwa, ni nani aliyesimama Bungeni akasema itahitaji maafisa wangapi? Na kesho mtu akileta mswada wa paroli kubwa ili kupunguza msongamano wa jela zetu, ni nani atauliza? Tusingoje mpaka tuletewe hesabu ya 3 na 36 yetu wenyewe.

Jambo jingine la kukumbuka. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya 2007 inawaacha nje askari jela, na kwa hivyo hawana haki ya chama chini yake. Wao waujua msongamano wa jela kuliko mtu yeyote, lakini hawawezi kusema kwa sauti moja. Basi wanaoweza kusema yawapasa waseme.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA WAFANYA KAZI WOTE

Wako wanaosema: mwizi ni mwizi, afungwe, na maafisa wakilemewa shauri yao. Twajibu hivi. Wanaojaa jela zetu si matajiri. Wengi ni watoto wa nyumba kama zetu, waliokosa faini ya chang'aa, walioshikwa wakichuuza bila leseni, waliopigana siku ya mshahara. Watatoka, na wakitoka watakaa kando yetu katika mitaa ile ile na kutafuta kibarua kwenye malango yale yale. Wakiangaliwa vizuri, twapata jirani. Wakiachwa, twapata hasara sisi, si waliotia sahihi karatasi ya kuwafungua.

Tena fikiria mtu aliyefunguliwa akapata kibarua cha siku. Ameambiwa aripoti Jumanne saa nne asubuhi. Jumanne hiyo gari la kokoto limefika na msimamizi anachagua watu. Akienda kuripoti, kibarua kimekwenda. Asipokwenda, amevunja masharti. Afisa mwenye nafasi atamwambia njoo saa kumi na moja, au atakwenda mwenyewe kumwona pale kazini. Afisa mwenye kesi nyingi hana jioni ya kumpa. Kwa hivyo uchache wa maafisa humnyima mtu kazi, na mtu asiye na kazi hurudi alikotoka. Hapo mzigo wa afisa na tumbo la kibarua ni jambo moja.

TUNAYOTAKA

Twasema haya mbele ya wanachama, na twataka yafike mbele ya wenye mamlaka.

Kwanza. Mswada wowote unaoongeza watu wa kuangaliwa uje na hesabu ya maafisa, magari na fedha, imeandikwa katika karatasi ile ile. Pasipo hesabu, usisomwe.

Pili. Maafisa waajiriwe na wafundishwe kwanza, wafungwa wafunguliwe baadaye. Wapangaji wa Uingereza walifanya kinyume, na tumeona.

Tatu. Kuwe na kiwango cha kesi ambacho afisa hatapita, na kiwango hicho kihesabu uzito wa kesi na urefu wa njia, si idadi ya majina tu. Kesi kumi za Nairobi si sawa na kesi kumi za Turkana.

Nne. Afisa aliyeandika barua kwa mkubwa wake kwamba amelemewa asihukumiwe peke yake jambo likiharibika. Barua hiyo iwekwe katika faili, na aliyeipokea naye aulizwe.

Tano. Kazi hii isiuzwe kwa kampuni. Uingereza ilijaribu kwa miaka saba, ikalipa zaidi, ikairudisha. Hatuna fedha za kununua funzo ambalo wenzetu wamekwisha lilipia.

Tutaambiwa fedha hazipo. Jibu ni kwamba mfungwa aliye ndani hulishwa, huvikwa, hulindwa usiku na mchana. Anapotolewa nje, gharama hiyo inaokolewa. Sisi hatuombi fedha mpya. Twauliza ile iliyookolewa jela imekwenda wapi, na kwa nini haimfuati mtu aliyetolewa.

Kila tawi lizungumze habari hii katika mkutano wake. Wanachama wanaofanya kazi katika ofisi za Serikali waandike wazi, bila kutaja majina ya wanaoangaliwa: nina kesi ngapi, natembea mwendo gani, naandika ripoti ngapi kwa mwezi. Makatibu wa matawi wazikusanye na kuzileta kwa Katibu Mkuu. Mkubwa aweza kubishana na malalamiko siku nzima, lakini akiwekewa hesabu ya matawi yote mezani, itambidi ajibu.